Maswali ya Wasomaji: Kufundisha na Kutafiti Uwandani

Barua za safari hii zimetoka kwa wahadhiri wa biolojia na wanafunzi wao, na nyingi zinahusu utafiti wa uhifadhi unaofanywa pamoja na darasa. Wanaojibu ni walimu wa ekolojia.

Nimeajiriwa kufundisha biolojia chuo kikuu. Shahada yangu ya uzamivu ilihusu wanyama wadogo wa msituni. Nina kozi 3 kila muhula na mkataba unanitaka nichapishe makala. Wenzangu wanasema nichague: darasa au utafiti. Je, lazima?

Si lazima. Zoezi la uwandani ambalo wanafunzi hulifanya kila mwaka linaweza kuwa ndio utafiti wako mkuu, kwa sharti moja: lifanyike mahali palepale, kwa njia ileile na kwa jitihada ileile, mwaka hadi mwaka. Panya na wanyama wengine wadogo huongezeka na kupungua mno kutoka msimu hadi msimu. Hesabu ya miaka 2 au 3 haiwezi kutenganisha mpando na mshuko huo wa kawaida na upungufu wa kweli. Mtafiti anayetegemea ruzuku ya miaka 3 huondoka kabla jibu halijaonekana, lakini mwalimu huletewa darasa jipya kila mwaka. Hiyo ni nafasi ambayo wahifadhi wengi wangeitamani.

Chagua eneo linalofikika ndani ya saa moja, maana la mbali ndilo litakaloachwa mwaka usafiri ukikwama. Weka vituo vya kudumu, tuseme 20, kila kimoja kiwe na kigingi cha chuma na kibati cha alumini chenye namba iliyogongwa. Namba ya rangi hufifia, na utepe wa plastiki hukatika kwa jua. Kisha andika utaratibu wa kazi usiozidi kurasa 2: wiki gani ya mwaka, mitego mingapi, chambo gani, nani anapima nini kwa kifaa gani. Utaratibu ukizidi hapo hakuna atakayeusoma akiwa amelowa mvua.

Kinachoua kazi za namna hii kwa kawaida si makosa ya wanafunzi. Ni profesa kubadilisha njia kila anaposoma makala mpya. Ukilazimika kubadilisha, endesha njia zote mbili sambamba, vituo vilevile, kwa misimu 2 walau, ili ujue namba za zamani zinalinganaje na mpya. Bila hivyo umeukata mfululizo wako vipande viwili visivyoungana.

Makosa ya wanafunzi yana dawa. Kipimo kimoja katika kila 10 kirudiwe na mtu wa pili ambaye hajaona namba ya kwanza, na tofauti kati yao iandikwe, kwa kuwa nayo ni data. Kwenye fomu weka nafasi ya "spishi haijatambuliwa", na usimpunguzie alama mwanafunzi anayeitumia kwa haki. Anayelazimishwa kutaja jina atabahatisha, na jina la kubahatisha likishaingia kwenye faili halina namna ya kugunduliwa baadaye. Data iingizwe kwenye kompyuta jioni ileile, wakati aliyeandika "7" inayofanana na "1" bado yupo wa kuulizwa.

Kuhusu makala: usingoje miaka 10. Katika miaka ya mwanzo chapisha yanayojibika haraka, kama vile ulinganisho wa aina 2 za mitego, au saa gani ya siku spishi fulani huonekana zaidi. Na mkubaliane kabla ya msimu kuanza ni mchango gani unampa mwanafunzi haki ya jina lake kuwa juu ya makala. Jambo hilo likiachwa hadi mwisho huvunja watu mioyo, na wanaoumia huwa ni wale waliofanya kazi nyingi zaidi.

Shikamoo walimu. Darasa letu lilinasa panya 48, tukawatia alama na kuwaachia. Siku chache baadaye tulinasa 50, na 12 kati yao walikuwa na alama. Mimi nimekadiria panya 200, mwenzangu 191. Mwalimu wetu anasema majibu yote mawili hayajakamilika. Nani kakosea?

Marahaba. Katika hesabu hakuna aliyekosea. Wewe umetumia fomula ya Petersen na Lincoln: 48 mara 50, gawanya kwa 12, unapata 200. Petersen aliifikia njia hii akichunguza samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Lincoln akaitumia kwa bata waliovishwa pete mwaka 1930. Mwenzako ametumia sahihisho la Chapman la mwaka 1951, linaloongeza 1 kwa kila namba na kutoa 1 mwishoni: 49 mara 51, gawanya kwa 13, toa 1, jibu ni 191. Fomula ya kwanza huwa inazidisha idadi pale wanaonaswa tena wanapokuwa wachache, kwa hiyo ya mwenzako ni bora. Wakiwa chini ya 7, hata hiyo ya Chapman huanza kupotosha.

Mwalimu wenu analalamikia kukosekana kwa wigo, yaani namba ya chini na ya juu ambazo idadi ya kweli inatarajiwa kuwa kati yake. Kwa namba zenu, kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi kadirio linavyoweza kuyumba, ni takriban 38, hivyo wigo wa uhakika wa asilimia 95 unaanzia kama 117 hadi 266. Hicho ndicho mnachokijua kuhusu panya wenu. Mwaka kesho darasa lingine likipata 150, hakuna ruhusa ya kuandika kwamba wamepungua. Tunalisisitiza hili kwa sababu maamuzi mengi ya uhifadhi yamejengwa juu ya namba moja isiyo na wigo, na anayeisoma ofisini hana namna ya kujua ilivyolegea.

Kuna jambo la pili, na hili ni zito zaidi. Fomula inadhani alama hazipotei, hakuna anayezaliwa, kufa, kuingia wala kutoka kati ya awamu mbili, na mwenye alama hunaswa kwa urahisi sawa na asiye nayo. Chukueni dhana ya kwanza tu. Kama panya 3 kati ya wale 12 wangekuwa wamepoteza vibandiko vya masikioni, mngehesabu 9 wenye alama, na Chapman angewapa 249 badala ya 191. Panya ni walewale, ila vibandiko 3 vimewaongezea 58. Kinga yake ni kuweka vibandiko 2, kimoja kila sikio: idadi ya wanaorudi na kimoja tu itawaonyesha vibandiko hupotea kwa kiasi gani.

Chambo nacho kina upotoshaji wake. Panya aliyeshiba mtegoni hurudi, na wanaorudi wakizidi, idadi inashuka kuliko ukweli. Aliyetishwa au kuumizwa hatarudi, na idadi inapanda. Kumshika mnyama kwa upole basi ni sehemu ya hesabu yenyewe. Mkiweza, naseni kwa usiku 4 au 5 mfululizo badala ya awamu 2, maana hapo kuna miundo ya kihesabu inayoweza kupima tabia hiyo badala ya kudhani haipo.

Tumetembelea bwawa mara 3 kutafuta spishi moja ya chura na hatukumwona. Tunaweza kuandika kwamba hayupo?

Hapana. Andikeni "hakuonekana katika ziara 3", mkitaja saa, hali ya hewa na idadi ya watafutaji. Tuseme chura huyo, akiwapo, ana nafasi ya asilimia 30 ya kuonekana katika ziara moja. Nafasi ya kumkosa mara 3 ni 0.7 mara 0.7 mara 0.7, yaani asilimia 34. Bwawa 1 kati ya 3 yenye chura lingeandikwa tupu! Ili nafasi ya kumkosa ishuke chini ya asilimia 5 mnahitaji ziara 9. Mkiongeza uwezo wa kumwona hadi asilimia 50, kwa mfano kwa kwenda usiku baada ya mvua na kusikiliza milio, ziara 5 zinatosha.

Nafasi hiyo ya kuonekana hupatikana kutoka kwenye ziara zenyewe, mkitembelea mabwawa mengi na kuweka rekodi ya kila ziara peke yake, 1 ameonekana na 0 hakuonekana: 0, 1, 0, 0, 1. Kosa la kawaida ni kujumlisha mwishoni na kuandika "yupo" au "hayupo", kisha zile 0 zikatupwa. Bila hizo 0 hakuna cha kukokotoa.

Wanafunzi wangu wanataka kuacha daftari na kutumia simu pekee. Niwakatalie?

Usiikatae simu. Fomu ya simu huzuia namba zisizowezekana na hubandika mahali na saa bila mtu kukosea. Lakini daftari libaki, kwa sababu fomu huuliza tu yale uliyoyafikiria kabla hujaenda.

Ushahidi bora tulionao ni wa Joseph Grinnell, aliyeongoza jumba la makumbusho la wanyama wenye uti wa mgongo katika chuo kikuu cha California, Berkeley, kuanzia 1908 hadi alipofariki mwaka 1939. Yeye na wenzake waliandika shajara ya kila siku, maelezo ya kila spishi, na orodha ya vielelezo, wakitaja njia waliyopita na mitego waliyoweka. Mwaka 1910 aliandika kwamba thamani kamili ya kazi hiyo huenda isionekane mpaka miaka mingi ipite. Karibu karne moja baadaye watafiti walirudi Yosemite, hifadhi ya milimani huko California, wakiwa na madaftari hayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba nusu ya spishi 28 za wanyama wadogo walizofuatilia zilikuwa zimesogeza mipaka yao juu mlimani, kwa wastani wa mita 500 hivi. Mitego tupu iliyoandikwa ndiyo iliyowawezesha kukadiria uwezekano wa kukosa kuona. Aliyeandika "mitego 40, hakuna kitu" alikuwa anamsaidia mtu ambaye hajazaliwa.

Karatasi iwe isiyoyeyuka kwa maji, kalamu iwe ya risasi au ya wino usiofutika. Kila ukurasa uwe na tarehe, mahali, majina ya watu, na mfumo wa ramani uliotumiwa na kifaa, kwa mfano WGS84, kwani namba zilezile katika mfumo mwingine zinaweza kukupeleka mita mia kadhaa pembeni. Kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada: "saa 2 usiku" daftarini na 20:00 kwenye kamera ni wakati mmoja, lakini msaidizi akiandika "2:00" tu, mchambuzi ataielewa kuwa ni usiku wa manane uliopita. Tumieni mfumo wa saa 24 kwenye kila rekodi, hata kama mnazungumza vingine.

Katika zoezi letu la mwisho tulikuta panya 4 wamekufa kwenye mitego ya kunasa hai, pamoja na kirukanjia 1. Mitego ni ya alumini. Tulikosea wapi?

Vifo hivyo vina sababu zinazojulikana, na karibu zote zinazuilika.

Kwanza baridi. Sanduku la alumini, lile la kukunja lenye ukubwa wa kama sentimita 8 kwa 9 kwa 23, hupoteza joto haraka, na mnyama wa gramu 20 akilowa hafiki asubuhi. Weka tonge la pamba ya sintetiki ndani kabisa, nyuma ya kibao cha kufyatulia. Pamba ya kawaida hunywa maji na kumgandia mwilini. Inamisha mtego kidogo, mlango ukiwa upande wa chini, ili maji ya mvua yasituame ndani, na uufunike kwa majani au kipande cha ubao.

Pili jua, na hapa madarasa mengi hukwama. Tufanye hesabu. Kumtoa mnyama, kumpima na kumwachia huchukua dakika 4 hivi kwa mikono yenye mazoezi. Mkiwa na mitego 100 na wanyama 40, hizo ni dakika 160. Kundi moja likianza saa 12 asubuhi, mnyama wa mwisho atatolewa saa 2 na dakika 40, sanduku likiwa limeshakuwa tanuri. Makundi 2 yenye watu waliofunzwa yangemaliza saa 1 na dakika 20. Basi idadi ya mitego ipangwe kwa kuangalia mikono iliyofunzwa, wala si kwa kuangalia idadi ya mitego iliyopo stoo. Mchana funga yote, tena mwanafunzi apite kuhesabu iliyofungwa, kwa sababu mtego 1 uliosahaulika ni mnyama 1 aliyekufa.

Kirukanjia ana sababu yake. Mwili wake huchoma chakula kwa kasi kubwa, na saa chache bila kula humuua. Chambo cha siagi ya karanga na shayiri hakimfai, yeye ni mla wadudu. Mahali wanapopatikana, weka funza mtegoni na uzungukie kila baada ya saa 2 au 3 usiku kucha. Kama darasa haliwezi kukesha hivyo, tumia njia nyingine.

Mkiwa mnapima: mtie kwenye mfuko wa nguo na uning'inize kwenye mizani ya springi, mwachie, kisha *pima mfuko tena*. Amekojoa humo, na mkojo wa gramu 1 kwa mnyama wa gramu 20 ni kosa la asilimia 5. Mnyama asiyetulia, anayepumua kwa mdomo au aliyelegea aachiwe bila vipimo. Namba iliyokosekana haimuui mtu.

Vifo viandikwe kwenye rejista na vipelekwe kwenye kamati ya maadili ya wanyama, hata kama fomu haidai. Na kabla ya msimu mkubaliane idadi ya vifo itakayofanya mitego ifungwe siku hiyohiyo. Ushauri wetu ni 2 kwa usiku mmoja. Mizoga ihifadhiwe. Kipande cha msuli kwa ajili ya DNA kiwekwe katika ethanoli ya asilimia 95, kwa sababu ile ya asilimia 70 inayotumika kuhifadhi umbo huacha maji ya kutosha kuharibu DNA taratibu. Kielelezo kisicho na lebo ya mahali na tarehe ndani ya chupa hakina kazi. Lebo ya nje hubanduka.

Profesa wetu anasema wakati mwingine lazima kuua ili kuhifadhi. Inaniuma. Ni kweli?

Tunafurahi kwamba inakuuma, na isikome kukuuma. Jibu ni ndiyo, ila mara chache kuliko ilivyozoeleka. Mwaka 1967 mtafiti wa ndege Derek Ratcliffe alionyesha kwamba maganda ya mayai ya ndege wawindaji Uingereza yalikuwa yamekuwa mepesi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Aliweza kwa sababu mayai ya zamani yalikuwa yamekusanywa na kutunzwa. Alipima uzito wa ganda na kuugawa kwa urefu mara upana. Mkusanyiko huo ukawa sehemu ya ushahidi dhidi ya DDT, dawa ya kuua wadudu.

Kwa darasa, hata hivyo, jiulize maswali ambayo wanasayansi Russell na Burch waliyaweka mwaka 1959: je, mnyama anaweza kubadilishwa na kitu kingine, idadi inaweza kupunguzwa, mateso yanaweza kupunguzwa? Wanafunzi 30 hawahitaji panya 30 wapya ili wajifunze kutofautisha spishi kwa meno. Vielelezo vilivyopo kabatini, vya miaka mingi, vinatosha. Kuua kunabaki na hoja pale ambapo spishi haijulikani, au haiwezi kutambuliwa kwa picha, vipimo na kipande cha sikio, na kibali kimetaja spishi na idadi.

Tunapima vyura katika mabwawa 6 kwa siku moja. Kuna haja ya kuosha viatu kati ya bwawa na bwawa?

Haja ni kubwa sana. Kuvu aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1999, huishambulia ngozi ya vyura na amechangia kutoweka kwa spishi katika mabara kadhaa. Kuvu nduguye, anayewashambulia salamanda (wanyama wa jamii ya vyura wenye mkia), alielezwa mwaka 2013. Matope ya kiatu chako yanaweza kumbeba.

Brashi kwanza, kwa maana dawa huisha nguvu ikikutana na matope. Kisha lowesha viatu, nyavu na ndoo katika Virkon (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 1, yaani gramu 10 kwa lita 1 ya maji, kwa dakika 5. Suuza mbali na maji ya bwawa, kwa kuwa dawa yenyewe inadhuru viluwiluwi, halafu kausha. Glovu mpya kwa kila chura, bila kuhurumia. Iliyo rahisi kuliko yote ni kuwa na seti 2 za viatu na nyavu, moja ikikauka wakati nyingine inatumika. Na anzeni na bwawa ambalo ugonjwa haujawahi kuonekana, mkimalizia na lile linaloshukiwa.

Binti yangu anaanza mafunzo ya kushika popo chuoni. Je, glovu zinatosha?

Hazitoshi. Mwambie asiguse popo kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani hupendekeza dozi 2 kwa kinga ya awali, ya pili ikitolewa siku 7 baada ya ile ya kwanza. Akiumwa au kukwaruzwa baada ya hapo, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyohiyo kwa dozi za nyongeza; chanjo ya awali haiondoi haja hiyo. Muulize pia mwalimu wake maswali mawili: maji na sabuni vitakuwa umbali gani kutoka kwenye wavu, na ni hospitali gani ya karibu iliyo na chanjo usiku ule. Mwalimu aliyejiandaa atajibu yote mawili bila kufungua simu.